Kutoka Machela hadi Kihisi: Historia ya Kumfikia Majeruhi wa Vita kati ya Nyasaland na Kivu, 1914–2025

Ikisiri

Majeshi kadhaa duniani yanajaribu vifaa vinavyovaliwa mwilini, vyenye uwezo wa kumjulisha tabibu aliye mbali hali ya askari aliyejeruhiwa. Makala haya yanaitazama teknolojia hiyo kwa jicho la historia, kuanzia wapagazi wa Nyasaland katika Vita Kuu ya Kwanza hadi vikosi vya Malawi na Tanzania vilivyopigana mashariki mwa Kongo. Hoja yake ni kwamba katika ukanda wetu majeruhi wengi wamepotea ilhali hali yao inajulikana. Kilichokosekana ni njia ya kuwafikia na nia ya kuigharamia njia hiyo. Aidha, makala yanaonyesha kwamba alama zilizovalishwa mwilini hapa kwetu zilimtumikia kwanza yule aliyezigawa, jambo linalostahili kuangaliwa kabla mikataba ya ununuzi haijatiwa saini.

Neno kabla ya kifaa

Tiba ya kijeshi ililiokota sokoni neno lake la kuwapanga majeruhi kwa uzito wa hali zao. Kitenzi cha Kifaransa trier kilitumika kwa sufu na kahawa, kwa maana ya kutenganisha daraja moja na jingine, kabla hakijaingia hospitali. Kiswahili nacho kina kitenzi kilichokulia katika kazi za namna hiyohiyo: tunachambua karafuu ili kuzitenga na vikonyo, tunachambua pamba, tunachambua mchele kutoa mawe. Kwa sababu hiyo makala haya yanatumia istilahi uchambuzi wa majeruhi, ingawa wauguzi wengi wa Lilongwe na Dar es Salaam hulitumia neno la kigeni kama lilivyo.

Dominique Jean Larrey, daktari mpasuaji katika majeshi ya Napoleon, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wa kanuni kwamba aliyeumia vibaya zaidi ahudumiwe kwanza bila kuangalia cheo. Nikolai Pirogov aliipanua kanuni hiyo wakati wa kuzingirwa kwa Sevastopol, 1854–1855, kwa kuwagawa majeruhi katika makundi mara tu walipofikishwa. Wote wawili walikuwa na kitu ambacho mada yetu inakiondoa, yaani macho ya tabibu juu ya mwili wa mgonjwa. Uchambuzi wa mbali huanza pale majeruhi anapokuwa bado kichakani na tabibu yuko kambini. Maswali yake ni matatu: yuko wapi, yu hai, na anaweza kusubiri kwa muda gani.

Sayansi ya kuyajibu maswali hayo ina umri mkubwa kuliko matangazo ya wauzaji wa leo yanavyodokeza. Mwaka 1905 Willem Einthoven, mjini Leiden, alipokea katika maabara yake michoro ya mapigo ya moyo ya wagonjwa waliolazwa hospitali iliyokuwa umbali wa kama kilomita moja na nusu, kwa waya wa simu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mmarekani Norman Holter alitembea na mtambo wa kurusha mapigo ya moyo kwa redio. Mtambo huo ulibebwa mgongoni na ulikuwa na uzito wa karibu kilo 40. Yuri Gagarin aliporushwa angani tarehe 12 Aprili 1961, madaktari waliokuwa ardhini walikuwa wakiyasoma mapigo ya moyo wake. Kwa hiyo kusoma mwili kwa mbali kuliwezekana zamani. Swali la mwanahistoria ni nani alisomwa, na kusomwa huko kulimletea nini.

Machela na tengatenga

Katika Malawi ya leo jibu la swali hilo huanzia kwenye mabega ya watu. Neno machela, tunalolitumia kwa kitanda cha kubebea majeruhi, lilitujia kupitia Wareno. Katika Nyasaland ya mwanzo wa karne ya ishirini machila kilikuwa kitu tofauti kidogo: kitanda cha turubai kilichoning'inizwa kwenye mti, ambacho maofisa, walowezi na wamisionari walilalia wakibebwa na Waafrika kutoka boma hadi boma. Kifaa hicho kilikuwa chombo cha starehe ya watawala kabla hakijawa chombo cha tiba. Vita vilipozuka mwaka 1914, mabega yaleyale yaliitwa kubeba chakula, risasi na, katika safari ya kurudi, wanajeshi waliojeruhiwa.

Mapigano ya Karonga ya tarehe 9 Septemba 1914 yalikuwa ya kwanza makubwa katika mpaka wa kaskazini, na pande zote mbili zilitegemea askari Waafrika. Jeshi la Jenerali Edward Northey lilipovuka mpaka mwaka 1916 na kusonga kuelekea Songea na nyanda za Iringa, kila siku ya ushindi iliongeza urefu wa njia ya wapagazi. Watu hao waliitwa tengatenga. Watu zaidi ya laki moja walitolewa katika vijiji vya Nyasaland kwa kazi hiyo, kwa hiari, kwa shinikizo la machifu, au kwa nguvu.

Msomaji wa Kiswahili hana budi kusita kidogo kwenye jina hili. Katika Kichewa kutenga ni kuchukua, kubeba. Katika Kiswahili kutenga ni kuweka kando. Maneno hayo mawili yanafanana kwa sauti tu na hayapaswi kuchanganywa, lakini maisha ya tengatenga yalizibeba maana zote mbili. Alikuwa mbebaji wa majeruhi, na alipougua yeye aliwekwa kando. Askari wa Kizungu aliyeumia alipata machela, askari Mwafrika wa King's African Rifles alipata machela pale ilipowezekana, na mpagazi mwenye kuhara damu aliachwa kwenye kituo cha njiani, mara nyingi chenye dari ya nyasi na dawa chache. Takwimu rasmi za Waingereza kwa Afrika Mashariki nzima zilihesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaiona hesabu hiyo kuwa pungufu. Wengi wao waliuawa na kuhara damu, nimonia na malaria, wala si risasi.

Je, wakubwa hawakujua? Walijua. Oscar Watkins, ofisa wa utawala aliyeongoza kikosi cha wapagazi cha Afrika Mashariki ya Kiingereza, aliandika malalamiko mara kwa mara juu ya posho, mavazi na matibabu ya watu wake. Taarifa zilipanda juu kwa njia zilizokuwapo wakati huo, nazo zilikuwa wazi vya kutosha. Hazikuteremsha uji wala blanketi kwa kasi iliyotakiwa, kwa sababu mpagazi alihesabiwa kuwa ni mtu anayeweza kubadilishwa na mwingine.

Mpagazi huyohuyo alivalishwa alama. Wapagazi wa kikosi cha Watkins waliandikishwa kwa namba na kupewa kisahani cha chuma chenye namba hiyo. Kisahani kilisaidia kulipa mishahara, kuwasaka watoro na kuandika orodha ya waliokufa. Hakikueleza kama aliyekivaa ana homa. Hata katika kulipa hakikutosha, kwani mishahara ya maelfu waliokufa haikufika kwa jamaa zao, na ubishi kuhusu fedha hizo uliendelea kati ya Nairobi, Dar es Salaam na London kwa miaka mingi baada ya vita. Nchini Kenya alama ya mwilini ilirudi baada ya vita kwa sura ya kipande, kilichovaliwa shingoni ndani ya kikasha cha chuma ili kudhibiti mwendo wa vibarua. Jina Kariakoo, linalotokana na kikosi cha wapagazi, limebaki Dar es Salaam kama soko.

Mtu aliyeliweka jambo hili wazi mapema kuliko wote alikuwa Mchungaji John Chilembwe. Mwezi Novemba 1914 alipeleka barua kwenye gazeti la Nyasaland Times, akihoji kwa nini Waafrika wasio na mali wala sauti wafe katika vita visivyo vyao huku wajane na yatima wao wakibaki bila kitu. Toleo lililokuwa na barua hiyo lilizuiwa na serikali. Chilembwe anakumbukwa zaidi kwa uasi wa Januari 1915, ambao ulimgharimu maisha yake. Lakini barua ile ni hati ya sera ya afya na fidia ya kijeshi, na inastahili kusomwa hivyo katika vyuo vyetu vya ulinzi.

Mogadishu na mwanzo wa fulana yenye akili

Vita Kuu ya Pili viliwapeleka askari wa Afrika Mashariki, wakiwamo wa batalioni za Nyasaland, hadi Burma, ambako ndege zilianza kufanya sehemu ya kazi ya machela. Makala haya hayakai hapo. Mabadiliko yanayohusu mada yetu moja kwa moja yalitokea karibu zaidi na pwani ya Waswahili, mjini Mogadishu, usiku wa tarehe 3 kuamkia 4 Oktoba 1993.

Wamarekani 18 waliuawa katika mapigano hayo, pamoja na Wasomali wengi zaidi, mamia kwa makadirio ya kawaida. Askari mmoja wa Marekani alipigwa risasi karibu na nyonga, mahali ambapo mkanda wa kubana damu haufiki. Tabibu wa kikosi alikuwa naye chumbani, hali yake ilitangazwa kwa redio, na makamanda waliombwa helikopta. Walipima hatari ya helikopta nyingine kuangushwa wakaamua isitumwe. Askari huyo alifariki baada ya saa kadhaa. Wachambuzi wa Marekani walilichukua tukio hilo kwa uzito mkubwa, na miongozo mipya ya tiba ya medani iliyochapishwa mwaka 1996 ilisisitiza kudhibiti damu papo hapo, chini ya risasi, kwa mikono ya askari yeyote aliye karibu.

Katika muongo huohuo shirika la utafiti wa kijeshi la Marekani, DARPA, liligharamia njia ya pili, yaani kumvalisha askari vihisi. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo cha Teknolojia cha Georgia, chini ya Sundaresan Jayaraman, walianza kufuma fulana yenye nyuzi za kupitisha mwanga. Risasi ikipita, uzi hukatika na mahali pa jeraha hujulikana, huku vihisi vingine vikisoma moyo na pumzi. Lengo mojawapo la miradi ya wakati huo halisemwi sana kwenye vipeperushi: kujua nani amekwisha kufa, ili tabibu asihatarishe maisha yake kwa ajili ya maiti. Uchambuzi wa majeruhi tangu mwanzo umekuwa pia uamuzi wa kutokwenda.

Haja ya kitabibu ilikuwa ya kweli. Utafiti wa Eastridge na wenzake uliochapishwa mwaka 2012 uliangalia vifo 4,596 vya Wamarekani katika medani kati ya 2001 na 2011. Asilimia 87 walikufa kabla ya kufikishwa kwenye kituo chenye uwezo wa upasuaji. Kati ya hao, karibu robo walikuwa na majeraha ambayo yangeweza kutibika, na katika kundi hilo la robo asilimia 91 walikufa kwa kutokwa damu. Damu ndiyo adui mkuu, na adui huyo hujificha. Kijana mwenye afya akipoteza damu, mishipa yake hujibana na moyo huongeza kasi, hivyo shinikizo la damu linaweza kuonekana zuri hadi takriban theluthi moja ya damu imekwisha kutoka. Baada ya hapo huporomoka ghafla. Ndiyo maana watafiti wa jeshi la Marekani huko San Antonio, akiwamo Victor Convertino, walitafuta namna ya kukisoma kile kiasi cha akiba ambacho mwili bado unacho, kwa kulichunguza umbo la wimbi la kila pigo badala ya namba ya shinikizo pekee. Kihisi kinachoweza kuona mporomoko kabla haujafika kina thamani ambayo haipaswi kubezwa.

Hata hivyo, katika mji huohuo wa San Antonio, Holcomb na wenzake walionyesha mwaka 2005 kwamba nguvu ya mpigo wa mkononi ukiguswa kwa vidole, pamoja na uwezo wa majeruhi kutii amri na kuzungumza, vilibashiri vizuri nani anahitaji hatua ya kuokoa maisha. Yaani vidole na sauti. Sijaona tangazo la kifaa linaloinukuu kazi hiyo.

Ngozi, mkono na foleni

Washauri wa sera wa nchi zetu wana sababu nyingine ya kutonunua kwa pupa. Vifaa vingi vya mkononi husoma mwili kwa mwanga: mwanga hupenya ngozi, damu hufyonza sehemu yake, na kifaa hukokotoa kinachorudi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni, kilichobuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hufanya kazi kwa kanuni hiyo. Mwaka 1990 Jubran na Tobin waliripoti kwamba kipimo hicho hukosea zaidi kwa wagonjwa weusi. Ilichukua miaka 30 na janga la UVIKO-19 kwa jambo hilo kusikika. Desemba 2020 Sjoding na wenzake wa Michigan walionyesha kwamba, kati ya wagonjwa ambao kipimo kiliwaonyesha wako salama kwa asilimia 92 hadi 96, upungufu hatari wa oksijeni ulikuwa umejificha kwa asilimia 11.7 ya weusi na asilimia 3.6 ya weupe. Kosa lenyewe huelekea upande mbaya, kwa kuwa humtangaza mgonjwa kuwa mzima. Kifaa cha namna hiyo kikivalishwa kikosi cha Malawi au Tanzania, kinaweza kumpeleka nyuma ya foleni mtu aliyestahili kuwa mbele. Kwa majeruhi aliyepoteza damu tatizo huongezeka, kwa sababu damu hukimbia vidoleni na kwenye kifundo cha mkono, mahali palepale panaposomwa.

Malawi si mgeni katika uchambuzi wa wagonjwa, na uzoefu wake wa kiraia unafaa kuwekwa mezani pamoja na wa Texas. Katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, Elizabeth Molyneux na wenzake waliupanga upya mlango wa idara ya watoto kwa mfumo ambao Shirika la Afya Duniani limeusambaza kwa jina la ETAT. Kila mtoto aliyekuwa kwenye foleni aliangaliwa njia ya hewa, pumzi, mzunguko wa damu, fahamu na upungufu wa maji, na mwenye dalili za hatari alitolewa kwenye foleni papo hapo. Kwa mujibu wa makala yao ya 2006, vifo vya watoto waliolazwa vilikuwa kati ya asilimia 10 na 18 kabla ya mabadiliko, vikashuka hadi asilimia 6 hadi 8. Hakuna kihisi kilichohusika. Baadaye, kati ya 2012 na 2014, wahudumu wa afya vijijini katika wilaya za Mchinji na Lilongwe walipewa vipimo vya oksijeni kwa ajili ya watoto wenye nimonia, na vilisaidia kuwabaini wagonjwa mahututi ambao dalili za nje pekee zingewaacha warudi nyumbani. Kifaa kilifanya kazi pale kilipokabidhiwa kwa mtu aliyefunzwa, mwenye mahali pa kumpeleka mgonjwa.

Semuliki, Kididiwe, Goma

Mahali pa kumpeleka mgonjwa ndipo historia ya Kongo inapotubana. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, la tarehe 28 Machi 2013, liliunda Brigedi ya Kuingilia Kati ndani ya MONUSCO, na askari wake walitoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za King's African Rifles, vijana wa Malawi na Tanzania walipigana bega kwa bega, safari hii wakiwa raia wa nchi huru.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Watanzania huko Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa kwa saa nyingi. Askari 15 waliuawa na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulioongozwa na Dmitry Titov uligusa mafunzo na uongozi, na ulitaja kwamba misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwaongezea nguvu au kuwatoa askari wake, na kwamba nyenzo muhimu, ikiwamo usafiri wa anga, zilikosekana. Kosa lililotajwa ni la njia. Hakuna aliyesema Makao Makuu hayakujua kwamba Semuliki kuna majeruhi.

Karibu mwaka mmoja baadaye, tarehe 14 Novemba 2018, katika operesheni dhidi ya waasi wa ADF eneo la Kididiwe, karibu na Beni, koplo mmoja wa Tanzania aliumia vibaya akashindwa kujiondoa mahali pa wazi. Aliyemwona ni Chancy Chitete, askari wa Malawi. Alimvuta hadi mahali penye kinga na kuanza kumpa huduma ya kwanza, na katika kufanya hivyo alipigwa risasi akafa. Mtanzania yule aliishi. Wamalawi sita waliuawa katika operesheni hiyo. Mei 2019, mjini New York, Katibu Mkuu António Guterres aliikabidhi familia ya Chitete nishani ya ushujaa wa kipekee inayoitwa kwa jina la Kapteni Mbaye Diagne, Msenegali aliyeuawa Kigali mwaka 1994.

Tukio hili linaweza kusomwa na mtetezi wa vihisi kama hoja yake: laiti kifaa kingetoa ishara, mtu mwingine asingelazimika kuona kwa macho yake. Usomaji huo haunishawishi. Chitete alikuwa karibu, alijua, na alichohitaji ni moshi, risasi za kumkinga na mtu wa pili wa kumsaidia kuvuta. Muda uliookoa maisha ulikuwa wa dakika, na ndani ya dakika hizo mtaalamu pekee aliyekuwapo ni askari wa kawaida mwenye bandeji. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya 10–1–2 inalikubali jambo hili: huduma ya kuokoa maisha ndani ya dakika 10, tiba ya juu zaidi ndani ya saa 1, upasuaji ndani ya saa 2. Kihisi kinaweza kusaidia kati ya saa ya kwanza na ya pili, pale helikopta moja inapolazimika kuchagua kati ya mabonde mawili. Katika dakika 10 za mwanzo hakina mikono.

Lugha nayo haiwezi kupuuzwa katika ukumbi kama huu. Mtanzania anaugulia kwa Kiswahili, Mmalawi anauliza kwa Kichewa, na skrini ya kifaa huandika Kiingereza. Katika King's African Rifles batalioni za Nyasaland zilitumia Kinyanja na nyingine Kiswahili, na maofisa walilazimika kufanya mitihani ya lugha za askari wao. Kama kipimo cha Holcomb ni uwezo wa majeruhi kutii amri, basi amri hiyo lazima itolewe kwa lugha anayoielewa, la sivyo mtu mwenye fahamu timamu ataandikwa kuwa hana fahamu.

Kisha ikaja Goma. Majeshi ya SADC yaliyoingia Kongo Desemba 2023, yakiwamo ya Malawi, Afrika Kusini na Tanzania, yalikumbwa na mashambulizi ya M23 Januari 2025. Askari wa nchi zote tatu waliuawa. Mji ulipotekwa mwishoni mwa mwezi huo, majeruhi walibaki ndani ya kambi zilizozungukwa, na walitolewa kupitia Rwanda mwishoni mwa Februari tu, baada ya mazungumzo ya kisiasa. Katika wiki zile hakuna aliyekuwa gizani. Majina yalijulikana, na familia ziliwasiliana na vijana wao kwa simu. Mlango ulifungwa na siasa, na hakuna namba ya mapigo ya moyo ambayo ingeufungua.

Kuna jambo moja zaidi la kiusalama. Kila kifaa kinachorusha taarifa kinaweza kusikika na adui. Januari 2018 ilibainika kwamba ramani ya dunia iliyochapishwa na kampuni ya Strava, kutokana na vifaa vya mazoezi, ilionyesha njia za kukimbilia ndani ya kambi za kijeshi huko Syria na Afghanistan. Miezi michache baadaye, Agosti, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilipiga marufuku vifaa vya kuonyesha mahali katika maeneo ya operesheni. Kikosi kilichojificha msituni Beni kingekuwa na sababu kubwa zaidi ya kuhofia.

Alama ya mwili iliyojaribiwa Dzaleka

Lilongwe, ambako makala haya yanaandikwa, katika mtaa wa Biwi, iko umbali wa kilomita zipatazo 45 kutoka makazi ya wakimbizi ya Dzaleka. Huko vita vya Kivu vina wahusika wengine. Dzaleka ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa Rais Kamuzu Banda, ikageuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilikusudiwa watu wapatao 10,000 na sasa inahifadhi zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, pamoja na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili ndiyo lugha yao ya soko, kanisa na zahanati. Baadhi ya watu waliokimbia vijiji ambavyo brigedi ilitumwa kuvilinda wamekuwa majirani wa familia za askari waliotumwa.

Ukaribu huo una maana kwa mada yetu kwa sababu mahususi. Mwaka 2013 UNHCR ilichagua Dzaleka kuwa mahali pa majaribio ya mfumo wake mpya wa kuwatambua watu kwa alama za vidole na mboni za macho, kabla ya kuusambaza nchi nyingine. Maelfu ya wakazi walichukuliwa alama. Mfumo ulirahisisha ugawaji wa misaada na kuzuia majina hewa. Hayo ni manufaa halisi. Lakini mkimbizi hakushiriki kuubuni, na kukataa kulikuwa kugumu kwa mtu ambaye chakula chake kilitegemea kusajiliwa. Ukiuweka usajili huo kando ya kisahani cha mwaka 1917 unaona mfanano: mwili unasomwa pale penye wasio na uwezo wa kusema hapana, na anayesoma ndiye anayeamua matumizi. Askari wa cheo cha chini yumo katika hali hiyohiyo. Akiamriwa kuvaa, atavaa.

Kwa hiyo maswali ya mkataba ni ya kihistoria kabla hayajawa ya kiufundi. Taarifa za moyo wa askari zitatumika kumwokoa tu, au pia kumpandisha cheo na kumfukuza kazi kwa udhaifu utakaogunduliwa wakati wa amani? Malawi ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2024, Tanzania ina yake ya 2022 na Kenya ya 2019. Jeshi la pamoja la kikanda litafuata ipi, na seva itakaa nchi gani? Je, kifaa kimejaribiwa kwa ngozi za watu watakaokivaa, katika joto la Beni na mvua zake, na majaribio hayo yamechapishwa? Fedha zitakazokinunua zitatoka kwenye fungu la helikopta zenye uwezo wa kuruka usiku, au kwenye fungu la ziada? Swali hili la mwisho, kwa maoni ya mwandishi, ndilo linalopaswa kuulizwa la kwanza, na kama jibu ni fungu la helikopta, kikao kinaweza kufungwa hapo.

Kuna manufaa moja ambayo wauzaji hawayataji na ambayo Chilembwe angeyaelewa mara moja. Umoja wa Mataifa hulipa fidia ya kifo na ulemavu kwa walinda amani kupitia serikali za nchi zao, na madai hutegemea uthibitisho wa lini, wapi na vipi mtu aliumia. Kifaa kinachoandika saa na mahali pa jeraha huacha ushahidi ambao tengatenga hakuwahi kuwa nao. Ushahidi huo utakuwa na thamani ikiwa mkataba utatamka kwamba nakala yake ni mali ya majeruhi, au ya mjane wake, na kwamba itatolewa bila ada katika lugha anayoisoma. Katika jeshi la Malawi hiyo itakuwa Kichewa kabla ya lugha nyingine yoyote, na katika jeshi la Tanzania, Kiswahili.